Kwa nini kigasha hakijai kwa mwezi mmoja, na kwa nini strapu yako tunaiweka kabatini

Kuna kijana anazunguka mtaani akisema tumemla hela yake. Alilipia programu ya vigasha (sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kifundo) kwenye jimu yetu, shilingi 90,000 kwa mwezi, na mwezi ulipoisha akapima mkono kwa tepu ya fundi cherehani akakuta uko vilevile. Hatumtaji jina na hatuna ugomvi naye. Lakini si wa kwanza. Malalamiko haya tunayapokea mara kwa mara hapa Tandika, Dar es Salaam, karibu kwa maneno yaleyale: "Kocha, kifua kinajaa, baisepu zinajaa, ila huku chini ya kiwiko nimekonda kama nilivyokuja. Halafu mnanifanyisha nini? Kuning'inia kwenye bomba na kubeba madumu ya maji. Hayo si nafanya nyumbani bure?"

Tunajibu hapa kwa maandishi ili mtu anayekuja kulipa ajue anachokilipia.

Weka kiganja cha kulia juu ya kigasha cha kushoto, karibu na kiwiko, kisha chezesha vidole vya kushoto. Utasikia nyama inatembea. Misuli mikubwa inayokunja vidole haikai kwenye vidole, inakaa huku juu na kuvivuta kwa kano ndefu, zile kamba zinazounganisha msuli na mfupa, zinazopita kwenye kifundo cha mkono. Ya kukunja iko upande wa ndani, na mingi inaanzia kwenye kifupa cha ndani cha kiwiko. Ya kunyoosha iko upande wa nje, nayo inashikilia kifupa cha nje. Halafu kuna msuli mmoja mnene upande wa kidole gumba, unaoanzia juu kidogo ya kiwiko. Huo ndio unaoupa mkono unene mtu akikutazama kwa mbele, na unafanyiwa kazi kwa kukunja mkono na dambeli viganja vikitazamana, au na baa, kile chuma kirefu cha kunyanyulia, viganja vikitazama chini. Wengi wanaotujia wamefanya upande wa ndani peke yake kwa miaka, tena kwa kukunja kifundo marudio mia kila siku kwa dambeli ndogo ya nyumbani. Upande wa nje haujawahi kuguswa.

Sasa suala la muda. Kano hazipati damu nyingi kama misuli. Msuli ukiuchosha leo, siku mbili tatu unakuwa umepona na uko tayari kwa kazi nyingine. Kano inachukua muda mrefu zaidi kuuzoea uzito. Ukiongeza kilo kwa kasi ya msuli, kano inabaki nyuma, na unaanza kusikia maumivu kwenye kile kifupa cha kiwiko. Ndiyo maana programu yetu ni ya miezi mitatu, na wiki nne za kwanza hatuweki uzito mkubwa, kwa makusudi kabisa. Tunamwambia hivyo kila mtu siku anapolipa. Kijana aliyelalamika aliondoka pale ambapo kazi ndiyo ilikuwa inaanza.

Na kupima kwenyewe kuna utaratibu. Sisi tunapima kabla ya mazoezi, mkono ukiwa umepoa, sehemu nene kabisa chini ya kiwiko, ngumi imefungwa bila kukazwa, tepu imegusa ngozi bila kuibana. Watu wanapima wakimaliza seti, damu imejaa, wanaona kimeongezeka, wanapiga picha. Kesho asubuhi wanapima tena, mkono umenywea, wanakuja kudai kwamba tumewadanganya. Damu ile lazima irudi ilikotoka. Kipimo cha asubuhi ndicho chako.

Jambo linalotuumiza zaidi ni njia za mkato, kwa sababu mteja huzilipia mara mbili.

Ya kwanza ni zile springi za kubana kwa mkono zinazouzwa Kariakoo. Springi yenyewe si mbaya. Ubaya ni kwamba ni ndogo, inaingia mfukoni, basi mtu anaibana kutwa nzima. Tulikuwa na fundi wa gereji, kijana mwenye bidii sana, aliyekuwa akibana springi kwenye daladala asubuhi, akibana akisubiri wateja, akibana usiku akitazama mpira. Kumbuka kazi yake yenyewe ni kukaza na kulegeza nati. Baada ya muda kiwiko kikaanza kuuma upande wa ndani, akaona ndiyo dalili ya kukua, akaongeza. Mwisho akashindwa hata kushika spana namba 17. Akaenda hospitali, akapigwa picha, akapewa dawa za maumivu na kliniki ya mazoezi ya viungo, na gereji ikamweka pembeni zaidi ya mwezi. Ukijumlisha nauli, dawa, kliniki na siku alizokosa kazi, alitumia fedha ambazo zingemlipia miezi mitatu hapa na chenji ikabaki. Aliporudi kwetu tulianza naye na ndoo ya mchanga: unazamisha mkono, unafungua vidole ndani ya mchanga taratibu, unafunga, unafungua. Hakuna chuma chochote. Alinung'unika, lakini alifanya, na leo anabeba dumu la lita 20 kila mkono kuzunguka uwanja wetu mara nne bila kuweka chini.

Ya pili ni strapu, ile mikanda ya kitambaa inayofungwa kifundoni na kuzungushwa kwenye baa. Hapa ndipo tunagombana na vijana. Wananionyesha video ya mnyanyua vyuma Eddie Hall wa Uingereza, aliyenyanyua kilo 500 kwa dedilifti, yaani kuinua baa kutoka chini mpaka usimame wima, mwaka 2016 akiwa na strapu. Kweli, alikuwa nazo. Lakini mtu yule alikuwa na mkono ulioshika vyuma vizito miaka mingi kabla ya siku ile, na kwa kilo zile strapu ilikuwa inamsaidia pale ambapo vidole vya binadamu vinafika mwisho. Wewe unazifunga kwa kilo 60. Kwenye mashindano ya pawalifti strapu haziruhusiwi kabisa, vidole vyako ndivyo vinavyoshika.

Mchukuzi mmoja wa Kariakoo, mtu wa kubeba magunia tangu ujana, alikuja na strapu zake akanyanyua kilo 140 siku ya kwanza. Mgongo na miguu tayari anavyo. Nikamwomba avue strapu, tukapunguza hadi 100, ikamponyoka. Tukashuka hadi 80, akashika kwa taabu. Hakuamini, akasema baa yetu inateleza. Gunia analibeba begani na mgongoni, vidole vinasaidia tu. Tukakubaliana strapu zikae kabatini, anyanyue kile ambacho mkono unashika. Kwa wiki kadhaa aliona aibu kunyanyua uzito mdogo mbele ya vijana. Alipofika kilo 130 kwa mikono mitupu nilimrudishia strapu zake, na nikamwelekeza: seti za kwanza bila strapu, ya mwisho nzito unaweza kufunga. Hiyo ndiyo sheria yetu kwa wote.

Kwa wale wanaoshika baa kiganja kimoja mbele kimoja nyuma ili isiponyoke: inasaidia kweli, lakini mkono ule uliogeuzwa ukikunja kiwiko wakati wa kunyanyua, baisepu inaweza kukatika. Tunafundisha kuficha kidole gumba chini ya vidole vingine, kama wanavyofanya wanyanyuaji wa Olimpiki. Inauma mwanzoni, kidole kinazoea.

Glavu nazo hatuzipendi. Zinaongeza unene na zinateleza kwa jasho la Dar. Tuna chaki ya magnesiamu, iko kwenye ada yako, itumie. Sugu zikitoka usizichune kwa meno, zisugue na jiwe la kusugulia miguu baada ya kuoga ili zisije zikapasuka kwenye baa.

Nimegusia unene, na ni jambo lenye uzito kuliko watu wanavyodhani. Baa ya mashindano ya Olimpiki ya wanaume ina kilo 20 na unene wa milimita 28, ya wanawake ina kilo 15 na milimita 25. Ukiongeza unene, vidole havikutani tena na kidole gumba, na kila kitu kinabadilika. Mwishoni mwa karne ya 19 kulikuwa na mbabe wa Ufaransa, Louis Uni, aliyejulikana kwa jina la Apollon, aliyekuwa akinyanyua magurudumu ya reli yaliyounganishwa kwa ekseli nene kama milimita 49, uzito wa takriban kilo 166. John Davis wa Marekani, bingwa wa Olimpiki wa 1948, alipoyajaribu mwaka 1949 yalimponyoka mara kadhaa kabla hajafanikiwa, na kilichomsumbua ni unene wa ekseli. Sisi tumechomelesha kipande cha bomba la milimita 50 kwa fundi wa hapa jirani, tukalichonga mikato ili lisiteleze. Mtu akija na majivuno namwambia anyanyue lile. Lakini simpi mtu bomba hilo kabla ya mwezi wa pili, hata akinipa hela.

Turudi kwenye swali la bure nyumbani. Ndiyo, madumu unayo nyumbani na mwembe wa kuning'inia unao. Mwenye nidhamu afanye huko, nitampongeza. Kwetu programu ni siku mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, kocha amesimama pembeni yako. Kuning'inia seti tatu, tunaanza sekunde 20, tunakusimamisha vidole vikianza kufunguka na si vikishafunguka. Kubana pleti mbili laini, zile sahani za uzito, kwa ncha za vidole na kidole gumba. Kukunja kifundo marudio 15 hadi 20, kisha kunyoosha idadi hiyohiyo. Kijiti chenye kamba na uzito, unakizungusha mpaka uzito ufike juu, halafu unaushusha polepole, usiuachie. Dumu tunaanza nalo nusu, na kila wiki tunaongeza lita moja, kwa sababu lita ni kilo na pleti zetu ndogo kabisa haziwezi kuongeza kidogo namna hiyo. Kila kitu kinaandikwa kwenye daftari lako. Baada ya miezi mitatu daftari ni lako, unaondoka nalo. Shilingi 90,000 ukigawa kwa vipindi vya mwezi hazifiki 12,000 kwa kipindi, na ndani yake kuna mshahara wa kocha, chaki, umeme na baa halisi ambayo ncha zake zinazunguka. Kwenye vyuma vya zege ncha hazizunguki, na kifundo chako ndicho kinachopindwa.

Kuna dada msusi aliyekuja si kwa ajili ya ukubwa. Anasuka kutwa, vidole vimebana nywele tangu asubuhi, na usiku mikono inawaka moto. Kwake tulipunguza kubana na kuongeza kufungua: ndoo ya mchanga, raba bendi ya kufungia noti kuzunguka vidole, kunyoosha kifundo na dambeli ya kilo 2. Sasa anafanya kazi mpaka jioni. Napenda wateja wa namna hii kwa sababu hawapimi kwa tepu. Nguvu ya kushika ina maana kubwa kuliko picha: utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliofuatilia watu karibu 140,000 katika nchi 17, ulikuta kwamba kila nguvu ya kushika ikipungua kwa kilo 5, uwezekano wa kufa katika kipindi kile uliongezeka kwa asilimia 16. Utafiti haukusema kubana springi kunarefusha maisha, ila mkono unaeleza mengi kuhusu mwili mzima.

Jambo moja tunalisema kabla ya kupokea hela: kuna watu ambao nyama ya kigasha inafika karibu na kifundo, na kuna ambao inaishia katikati na kuanzia hapo ni kano tupu. Hicho ni cha kuzaliwa. Hatukibadilishi sisi wala vidonge unavyouziwa na watu wa pembeni, ambavyo hatuviuzi na hatutaki kuviona humu ndani, kwani vinajaza msuli haraka huku kano zikibaki nyuma kabisa. Mwenye kano ndefu atapata nguvu kama mwingine, umbo litakuwa lake.

Kipimo cha kwanza ni bure, Jumatatu kuanzia saa 11 jioni. Njoo hujafanya mazoezi siku hiyo, njoo na kiwiko kisichouma, na kama kinauma sema mapema. Ada inaweza kulipwa kwa awamu mbili. Aliyeishia mwezi wa kwanza na daftari lake liko kwetu anaweza kuendelea pale alipoishia kwa bei ileile.