Rejeta nene si dawa ya injini inayochemka

Mhariri,

Magari ya kasi ya miaka ya tisini na mwanzoni mwa elfu mbili yangali mengi katika barabara za Nairobi: Subaru Impreza WRX, Forester za turbo, Lancer Evolution, Mark II zenye injini ya 1JZ, Altezza, na BMW za E36. Mengi yamefikia umri ambao rejeta ya kiwandani, yaani kipozaji cha maji ya injini, imechoka. Tangi la plastiki limegeuka kutoka nyeusi hadi kahawia, na pale linapobanwa kwenye alumini pameanza kutoa jasho la kulanti, yaani kimiminika cha kupozea injini. Mwenye gari hukimbilia Kirinyaga Road, ambako wengi wetu bado tunaita Grogan, na kurudi na rejeta ya alumini inayong'aa, nene maradufu ya ile ya awali. Kisha gari linachemka palepale lilipokuwa likichemkia. Ushauri unaotolewa kaunta baada ya kaunta, kwamba rejeta bora ni ile nene, unawaharibia watu injini, na ndiyo sababu ya barua hii.

Kabla ya kutoa pesa, jiulize gari linachemkia wapi. Likipanda joto kwenye foleni ya Mombasa Road na kupoa mara linapoanza kwenda, hitilafu iko upande wa hewa: feni, rilei (swichi ya umeme ya feni), kava inayozunguka feni, au takataka kati ya kondensa ya AC (kipozaji chake kilicho mbele) na rejeta. Likiwa sawa kwenye foleni lakini likachemka likipandisha kutoka Mai Mahiu, hapo ndipo pa kushuku mirija iliyoziba, pampu ya maji, thamostati (vali inayofungulia maji yakipata moto) au gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya bloku na kichwa cha injini. Gari liwe moto, elekeza kipimajoto cha miale kwenye uso wa rejeta na ukipitishe polepole kutoka upande maji yanakoingilia hadi yanakotokea. Joto linapaswa kushuka taratibu. Ukikuta sehemu iliyo baridi ghafla katikati ya sehemu za moto, mirija ya hapo haipitishi maji.

Gasketi ipimwe vilevile kabla ya rejeta kununuliwa. Washa injini ikiwa baridi kabisa: paipu ya juu ikiwa ngumu ndani ya dakika moja au mbili, kabla maji hayajapata joto, msukumo huo ni wa gesi ya silinda. Kipimo cha dawa ya buluu kinachowekwa kwenye mdomo wa rejeta hugeuka manjano kikikuta gesi hiyo. Kwa injini za EJ za Subaru usikiruke kipimo hiki hata siku moja, kwani mapovu kwenye tangi la akiba mara nyingi hutangulia dalili nyingine zote, na hakuna rejeta itakayoyaondoa.

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Maji katika sufuria wazi hapa huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100, na hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 16 kuliko ya Mombasa. Feni ileile, ikizunguka kwa kasi ileile, hubeba joto pungufu hapa. Kifuniko cha rejeta nacho huhesabu msukumo wake juu ya ule wa hewa ya nje, kwa hiyo kifuniko cha baa 1.1 (baa ni kipimo cha msukumo) Nairobi humpa dereva kinga ambayo kile cha baa 0.9 kinampa Mombasa, yaani maji kuchemka karibu na nyuzi 119. Kifuniko cha 0.9 hapa hukuachia kama nyuzi 115 au 116. Lakini usipandishe kifuniko kwenye mfumo wenye tangi kuukuu la plastiki na paipu za miaka 20, maana msukumo hutafuta mahali palipo dhaifu. Na kwa Subaru za turbo zenye vifuniko viwili, kimoja kwenye rejeta na kingine kwenye tangi dogo la juu karibu na turbo, visibadilishane kamwe. Cha rejeta hustahimili msukumo mkubwa zaidi ili mfumo upumulie kupitia lile tangi la juu.

Sasa unene. Rejeta nyingi za kiwandani zina kiini, yaani sehemu ya mirija na mapezi ya kupozea, cha unene wa milimita 16 hadi 27. Za alumini za kuongeza uwezo huanzia kama 36 na kufika 53. Hewa inapoingia mbele hupata joto kwenye safu ya kwanza ya mirija, ikifika nyuma tayari ni ya moto na haina nafasi kubwa ya kubeba joto jingine. Kiini kinene pia hukataa hewa. Ukienda kilomita 100 kwa saa upepo unatosha kuisukuma ipite, lakini kwenye foleni unategemea feni peke yake, na feni ya kiwandani ilipimwa kwa kiini chembamba. Ndiyo maana gari lililokuwa zima mjini huanza kuchemka mjini baada ya kufungwa rejeta ya milimita 50. Kwa gari linalotumika kila siku Nairobi na kukimbizwa mara mojamoja wikendi, kiini cha milimita 36 hadi 42 chenye mapezi yaliyopangwa vizuri, feni mbili zenye nguvu na kava kamili kitafanya kazi kuliko kile kinene kilichofungiwa feni nyembamba za bei ya chini. Zaidi ya hapo pawe na sababu, kama turbo kubwa au mashindano.

Hesabu pia nafasi. Kwenye Impreza, mota za feni ziko karibu mno na mikanda ya mbele ya injini, na injini hutikisika ukikanyaga mafuta. Acha angalau milimita 15 kati ya feni na puli. Bandika donge la udongo laini wa kuchezea watoto nyuma ya mota, endesha kidogo, kisha fungua boneti uone limebonyezwa kiasi gani. Na ikiwa umehamisha intakula (kipozaji cha hewa ya turbo) kutoka juu ya injini hadi mbele, kumbuka rejeta sasa inapokea hewa iliyokwisha kupashwa.

Kava ya feni ndiyo kitu kinachotupwa ovyo kuliko vyote. Bila hiyo, feni huvuta hewa kupitia duara lake tu na pembe za rejeta hubaki hazina kazi. Rejeta nyingi za kuagizwa hazina matundu yanayolingana na kava ya awali, na fundi huishia kufunga feni kwa vipande vya plastiki vilivyopitishwa katikati ya mapezi. Vipande hivyo husugua mirija kila gari linapotetemeka hadi itoboke. Tengeneza vishikio vya bati. Rudisha sponji za pembeni na ngao ya chini ya injini pia. Magari mengi hapa yamepoteza ngao hiyo kwenye matuta, na bila hiyo hewa ya kasi hupita chini badala ya kupenya kwenye rejeta.

Kuhusu madini nitasema machache. Shaba hupitisha joto vizuri kuliko alumini, lakini ni nzito, na mirija yake huunganishwa na mapezi kwa risasi isiyopitisha joto vizuri. Faida yake ni kwamba hulehemiwa popote, na kwa Peugeot 504 au Datsun ya zamani kubadilisha kiini na kubakiza matangi ya asili ni uamuzi mzuri. Alumini yenye matangi ya plastiki kutoka kwa watengenezaji kama Denso, Koyorad au Nissens inatosha kabisa kwa gari lisiloongezwa nguvu. Alumini tupu ya kuchomelea ina maana ikiwa uchomeleaji ni safi: angalia mshono wa tangi, uwe na mawimbi sawasawa bila vitundu vyeusi.

Dukani, nenda na rejeta kuukuu, rula na venia ya kupimia vipenyo. Linganisha kipenyo cha midomo yote miwili, kwani tofauti ya milimita mbili tu hufanya klempu ikate mpira. Linganisha vigingi vya chini vinavyokaa kwenye raba. Rejeta isifungwe chuma kwa chuma, mtetemo wa barabara huipasua kwenye mshono. Tazama kama pana tundu la swichi ya feni, jambo la lazima kwa BMW za zamani, na kama gari ni la otomatiki, pawe na midomo miwili midogo ya mafuta ya giaboksi. Ukikuta ya otomatiki tu ilhali gari lako ni la gia za mkono, ziba ile midomo na uendelee. Kinyume chake hakifai bila kipozaji cha kando. Rejeta mbovu ya otomatiki huchanganya maji na mafuta yakawa ya waridi na mazito kama mtindi, na hapo giaboksi imo hatarini tayari. Omba iwekewe hewa ya baa 1.5 na kuzamishwa kwenye karai la maji kabla hujalipa. Muuzaji anayekataa jaribio hilo la dakika tano, mwachie mzigo wake.

Zipo gereji ambazo jibu lao la kwanza ni kung'oa thamostati. Katika injini nyingi za Kijapani, 1JZ ikiwemo, sahani ya chini ya thamostati ndiyo hufunga njia ya mkato maji yakipata moto. Ukiing'oa, sehemu ya maji ya moto huzunguka ndani ya injini bila kufika kwenye rejeta kabisa. Asubuhi nayo injini hukaa baridi muda mrefu, kompyuta ikaongeza petroli na silinda zikalika. Weka mpya, ya nyuzi zilezile za kiwanda.

Bloku za chuma kama 1JZ na 4G63 huwa na kutu ya miaka. Zioshe kwa maji ya bomba kinyumenyume hadi yatoke meupe kabla ya kufunga rejeta mpya, la sivyo kutu hiyo itaingia kwenye mirija yake siku ya kwanza. Maji ya kisima ya Nairobi yana madini mengi, yasitumike kujazia. Tumia maji yaliyotoneshwa na kulanti ya aina iliyotajwa na mtengenezaji. Rangi si kitambulisho, kijani ya kampuni moja yaweza kugeuka ute ikikutana na kijani ya nyingine. Hapa hakuna barafu, na maji hubeba joto kuliko kulanti, kwa hiyo mchanganyiko wa theluthi moja kulanti hutosha pale kiwango cha chini cha mtengenezaji kinaporuhusu.

Umeme unaopotea nao hula alumini. Weka multimita kwenye volti za DC, waya mweusi kwenye hasi ya betri, ncha nyekundu ndani ya kulanti bila kugusa chuma. Washa injini, feni na taa. Zaidi ya volti 0.1, tafuta waya mbovu wa ardhi (wa kurudisha umeme kwenye betri) wa injini au feni kabla rejeta haijatoboka.

Mwisho ni kutoa hewa. Inua pua ya gari, fungua hita hadi mwisho, jaza polepole kupitia mdomo ulio juu kuliko yote, huku skrubu ya kutolea hewa ikiwa wazi hadi kulanti itoke bila mapovu. Kamua paipu ya juu kwa mkono. Endesha injini kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika hadi feni ziwake na kuzima mara mbili, kisha izime na uiache ipoe kabisa kabla ya kufungua chochote. Ongeza kulanti, rudia kesho yake asubuhi. Kiwango kikiendelea kushuka siku ya tatu na hakuna tone chini ya gari, rudi kwenye kipimo cha gasketi.

Fundi wa magari,
Industrial Area, Nairobi.