Kabla hatujakuuzia piritoni tutakuuliza kwanza usiku huu unalala au unaingia ziwani

Habari zenu ndugu wateja wetu wa hapa Kigoma, wa Mwanga, Gungu, Katonga, Ujiji, mpaka nyie mnaopitia hapa asubuhi mkitoka Kibirizi kupakua dagaa. Kuna lalamiko limekuwa likijirudia sana hapa kwenye duka letu la dawa, kwamba mtu anakuja na hela yake mkononi anataka piritoni tu, vidonge vya aleji na kuwashwa, dawa ndogo kabisa, badala ya kuhesabiwa vidonge vyake aondoke anaanza kuulizwa unafanya kazi gani, leo umekunywa pombe, kuna dawa nyingine unameza, hii ni ya kwako au ya mtoto, na mama mmoja juzi akaniambia dokta siku hizi mmekuwa kama watu wa uhamiaji. Mama nilikusikia. Na nimeona niandike sababu yake vizuri kwa sababu pale dirishani watu wakipanga foleni hakuna muda wa kuelezana.

Miaka michache nyuma alikuja kijana mmoja mvuvi, alasiri, vipele vimemvimba mgongo mzima na mikono, anajikuna mpaka ngozi imechubuka. Nikamuangalia, nikamuuliza alikula nini, nikaona ni aleji ya kawaida, nikampa piritoni kwenye kibahasha nikamwambia kama tulivyozoea kuwaambia watu wote, meza kimoja usiku. Na yeye akafanya hivyo hivyo nilivyomwambia, akameza usiku, ila usiku wenyewe ulimkuta katikati ya ziwa kwenye kipe, chombo cha kuvulia dagaa, taa zimewashwa wanasubiri dagaa wapande. Anasema hakusikia hata usingizi ukija, alikuwa amekaa pembeni ameshika kamba, alichokuja kukumbuka ni mwenzake amemkamata shati kwa nyuma. Alirudi siku ya pili, wala hakuja kugomba, aliniuliza tu kwa upole, dokta mbona jana ulinipa dawa ya usingizi? Kiukweli niliumia sana. Usiku niliokuwa naufikiria mimi ni wa kitandani, usiku wa yule kijana ndo kazini kwake na chini yake kuna maji ya Tanganyika ambayo kila mtu anajua kina chake.

Toka siku hiyo tunauliza.

Sasa shida ya piritoni ni kwamba kila mtu anajiona anaijua. Wazee wetu mnakumbuka enzi za klorokwini, ukimeza kwa ajili ya malaria unawashwa mwili mzima usiku kucha, ndo maana ukipewa klorokwini unapewa na piritoni ikusindikize. Klorokwini serikali iliiondoa kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, lakini piritoni ikabaki majumbani, imefungwa kwenye pindo la kanga au ipo juu ya kabati, na watu wameshaichukulia kama pipi ya kuwashwa. Sio pipi jamani.

Ni hivi. Mwili ukikutana na kitu ambacho haukipendi, labda vumbi la kiangazi, moshi, samaki fulani, nyuki, au dawa, unamwaga kemikali inaitwa histamini, na hiyo ndo inakuletea kuwashwa, chafya mfululizo, kamasi jepesi kama maji, macho mekundu na vipele vya kuvimba. Piritoni, ambayo jina lake la kitaalamu ni klofeniramini, inawahi ile sehemu ambayo histamini ilikuwa inataka kukaa, ikifika inakuta pameshakaliwa, kuwashwa kunapungua. Mpaka hapo safi. Ila histamini hiyo hiyo kichwani ina kazi nyingine ambayo ni kukuweka macho, na piritoni ni dawa ya zamani, ya miaka ya 1940, haichagui, inaingia mpaka kwenye ubongo na kule nako inaizuia. Ndo unaanza kupiga miayo. Kwahiyo usingizi wa piritoni sio kwamba dawa imekuzidi nguvu kwa sababu hujala vizuri kama watu wanavyosema, ni tabia yake, ukila usile inaweza kukusinzisha.

Na haiishi haraka. Kwa mtu mzima dawa iliyopo kwenye damu inachukua karibu saa 20 ndo ipungue nusu, kwa wengine zaidi, kwahiyo kile kidonge ulichomeza saa nne usiku asubuhi bado unacho. Alafu kitu kinachonipa wasiwasi zaidi ni kwamba unaweza usisikie usingizi kabisa ukajiona uko fiti, kumbe akili imechelewa kidogo, ile breki ya bodaboda uliyokuwa unaikamata mara moja leo unaikamata umeshachelewa. Hii nawaambia hasa vijana wa bodaboda, madereva wa njia ya Kasulu, Kibondo mpaka Nyakanazi, wanaopanda kwenye michikichi kukata mikungu, wa mashine za kukoboa na kusaga, mafundi wa kuchomelea, na wavuvi. Kama kazi yako ukizubaa sekunde mbili unaumia wewe au unaumiza mtu, piritoni sio dawa ya siku ya kazi. Tutakupa loratadini au setirizini, ambazo ni za kizazi cha baadae na haziingii sana kwenye ubongo, ni kidonge kimoja cha miligramu 10 kwa siku kwa mtu mzima, bei iko juu kidogo kuliko piritoni lakini unameza mara moja tu. Setirizini nayo baadhi ya watu inawasinzisha, kwahiyo mara ya kwanza ijaribu siku ambayo hutoki. Na kama una tatizo la figo au ini tuambie, dozi inabadilika.

Wavuvi mna bahati moja, kalenda yenu inaeleweka. Siku za giza mnaingia ziwani, mbalamwezi ikiwa kubwa mnapumzika. Siku za mapumziko piritoni ya usiku haina shida kwa mwenye afya njema, ila hesabu vizuri, usimeze usiku wa mwisho kabla ya kurudi kazini ukadhani kesho yake umeshakuwa mweupe.

Dozi yenyewe. Kidonge cha kawaida ni miligramu 4. Mtu mzima anameza kimoja, akihitaji kingine anasubiri yapite masaa 4 mpaka 6, na kwa saa 24 zote asivuke vidonge 6, ingawa wengi kimoja asubuhi mchana jioni kinatosha na zaidi. Wazee wasivuke 3. Mtoto wa miaka 6 mpaka 11 ni nusu kidonge. Chini ya miaka 6 vidonge hatukupi, tutaongea kuhusu ya maji na mara nyingi tutakwambia umpeleke akaonwe kwanza. Ukisahau dozi usimeze viwili kwa pamoja kufidia, na ukiona kimoja hakisaidii kuongeza hakutaleta nafuu ya haraka, kutaleta usingizi na mdomo kukauka.

Kuna jambo watu hawalijui na linaleta dozi mara mbili bila mtu kukusudia. Zile dawa za mafua za mchanganyiko, za pakiti, nyingi ndani zina piritoni tayari pamoja na paracetamol. Mtu ana mafua na anawashwa, anameza ya mafua, anaongezea na piritoni, na usiku anakunywa dawa ya kikohozi ya chupa ambayo nayo inayo, hapo ameshameza mara tatu na hajui. Geuza pakiti nyuma usome, ukiona jina linaloanza na herufi chlorphen ujue ni hiyo hiyo. Kama maandishi ni madogo njoo nayo tutakusomea, hata kama hukununua kwetu.

Pombe. Hapa sina maneno mengi, bia, konyagi, gongo, ya kienyeji, zote ni sawa, pombe inalegeza ubongo na piritoni inalegeza ubongo, zikikutana haziongezeki kidogo, mtu analala usingizi ambao kumuamsha ni kazi. Hali kadhalika ukiwa unatumia dawa za kifafa, diazepamu, amitriptilini, tramado au dawa yenye kodeini, tuambie kabla. Usione aibu, hatumwambii mtu.

Akina mama wenye watoto wadogo naomba mnisikilize kwa moyo. Najua uchovu wa mtoto anayelia usiku, umetoka sokoni toka alfajiri na kesho unatakiwa uamke tena. Lakini kumpa mtoto piritoni ili alale tu, haumwi, ni hatari. Mtoto mdogo dawa hii inaweza kumgeuka, badala ya kulala anachachamaa, anahangaika, na ikizidi inaweza kumletea degedege au kumpunguzia pumzi. Promethazini ndo kabisa, ile wengine mnanunua ya kuzuia kutapika mkisafiri na boti kwenda vijiji vya ziwani, chini ya miaka 2 haitakiwi. Na vidonge viweke mbali, sio kwenye pindo la kanga, mtoto akifungua fundo anakuta vitu vidogo anavitia mdomoni. Akishameza usisubiri uone, mkimbize hospitali na kile kibahasha ukibebe. Anayenyonyesha pia aulize kwanza, maana mtoto naye anaweza kusinzia na maziwa yanaweza kupungua.

Wazee wetu, shikamooni. Kama una presha ya macho, au tezi dume na mkojo unatoka kwa shida, piritoni inaweza kufunga mkojo kabisa au kuongeza ile presha ya jicho. Na mzee akiamka usiku kwenda chooni huku dawa imo kichwani anaweza kuanguka, na nyonga ya mzee ikivunjika mnajua wenyewe inavyosumbua. Ndo maana tukimuona kijana anamnunulia babu yake tunauliza babu ana umri gani, sio umbea.

Kuna mabinti pia wanakuja kuulizia dawa za kunenepa. Nyingi ya zile ni siproheptadini, ambayo ni ndugu wa piritoni, nayo inasinzisha, inaongeza hamu ya kula tu, na mitaani wanaichanganya na deksamethazoni ambayo ni dawa kali ya homoni inayoweza kukuletea sukari, presha na mwili kujaa maji. Dada yangu, ule uso unaovimba sio unene. Hatuuzi kwa kazi hiyo, na ukiwa umeshaanza hiyo deksa muda mrefu usiikate ghafla, nenda kaonwe na daktari.

Alafu sio kila kuwashwa ni aleji. Ukiona mnawashwa nyumba nzima, usiku ndo zaidi, vipele vipo katikati ya vidole na kiunoni, hiyo ni upele, unahitaji BBE, dawa ya maji ya kuua wadudu wa upele, ya kupaka watu wote ndani ya nyumba kwa pamoja na kufua mashuka, piritoni utameza mwaka na wadudu wapo tu. Ukiwa na duara linalowasha pembeni pamepanda, hiyo mara nyingi ni fangasi. Tunaangalia, tunakwambia.

Na kuna wakati hatutakuuzia kabisa, hata ukitugombeza. Mtu ameng'atwa na nyuki, au amekula samaki, au amemeza dawa, muda mfupi midomo na ulimi vinavimba, sauti inakwama, anapumua kwa shida au anasikia kizunguzungu anataka kuanguka, huyo piritoni haimtoshi, inachukua nusu saa na zaidi kufanya kazi na koo linaweza kuziba kabla. Anahitaji sindano ya adrenalini na usaidizi wa pumzi. Usimpitishe hapa kwetu, mpeleke moja kwa moja hospitali ya Maweni au kituo cha afya kilicho karibu na wewe. Mwenye pumu aliyebanwa kifua naye ni hivyo hivyo, atumie pampu yake aende hospitali, piritoni haifungui kifua. Na kama baada ya dawa yoyote, hasa zenye salfa, ngozi inaanza kutoka malengelenge na midomo kuchubuka, acha hiyo dawa muda huo huo na nenda.

Kwahiyo ukija, njoo na haya kichwani, kazi unayofanya na lini unarudi kazini, dawa nyingine unazotumia ikiwezekana na pakiti zake, umri wa anayeumwa, na kwa mtoto uzito wake kama kadi ya kliniki ipo. Haichukui hata dakika tatu. Kwenye kibahasha tutakuandikia saa kabisa, hatuandiki tena neno usiku peke yake.

Yule kijana mvuvi bado ni mteja wetu. Aleji yake inarudi rudi, na siku hizi akifika dirishani kabla sijafungua mdomo anasema dokta, leo giza, nipe ile isiyolaza.