Mjomba, usiuze kahawa kwanza

Shikamoo Mjomba,

Mama ameniambia mnatafuta mnunuzi wa zile ekari za kahawa za bondeni: fedha nyingine iende kwenye nauli ya India, nyingine kwa mzee wa Tunduma anayesema umetupiwa kitu. Nakuandikia hadharani, jina lako nimeliacha, maana Mbozi na Rungwe wapo wajomba wengi wenye karatasi kama yako, imeandikwa "uvimbe kwenye ubongo", na ukoo umeshaanza kuwatazama kama watu wa kuagwa.

Karatasi ile imesema kuna kitu. Haijasema ni kitu gani. Mimi ni mtu wa mashine za picha, si daktari wa upasuaji, lakini naweza kukueleza kwa nini. Ulipigwa CT scan, yaani eksirei inayoonyesha kichwa tabaka kwa tabaka, bila dawa ya mshipani. Picha ya namna hiyo ni hodari kuonyesha damu iliyovuja au fuvu lililopasuka. Kitu kidogo ndani ya ubongo huonekana kivuli tu. Ukichomwa dawa ndipo tunaona kama kivuli kina ukuta unaong'aa pande zote, au kimeshikamana na utando unaofunika ubongo. MRI, mashine inayopiga picha kwa sumaku, huona zaidi, hasa nyuma kule kwenye shina la ubongo.

Na mtu mzima wa nyanda zetu, kijiji cha kufuga nguruwe, akianza kuanguka kifafa ukubwani, wazo langu la kwanza si saratani. Ni tegu, mnyoo wa nguruwe.

Najua utasema nguruwe wenu huchemshwa mpaka mfupa unaachia. Sikatai. Nyama yenye vijilengelenge isiyoiva humpa mtu mnyoo wa tumboni, basi. Kinachofika kichwani ni mayai, nayo hutoka kwenye choo cha mtu mwenye mnyoo huo, yakapita kwenye mikono, maji au mchicha usiooshwa vizuri. Kwa hiyo hata jirani yako ambaye hajawahi kuonja kitimoto anaweza kuupata ugonjwa huo wa kichwani. Yai likianguliwa, lava, yaani mtoto wa mnyoo, husafiri kwa damu mpaka kwenye msuli, jicho au ubongo, likajenga kifuko. Linaweza kukaa humo miaka bila kukusumbua, kisha linapoanza kufa ubongo unavimba kulizunguka, nawe unaanguka shambani.

Hilo mara nyingi hutibiwa kwa vidonge bila kufungua fuvu: albendazoli, pengine na prazikwanteli, pamoja na dawa ya kupunguza kule kuvimba kwa ubongo na ya kuzuia kifafa. Likiwa limeshakauka na kuwa chokaa, dawa ya minyoo haina kazi tena. Ila usikimbilie duka la dawa, Mjomba. Lava wengi wakifa kwa mkupuo bila kusimamiwa, ubongo unaweza kuvimba vibaya, na macho yanatakiwa kuangaliwa kabla ya kuanza dozi.

Kifua kikuu nacho hufanya bonge kichwani, hutibiwa kwa vidonge miezi mingi. Toksoplasma, kijidudu kinachoshambulia ubongo wa mwenye VVU, nayo hutibiwa kwa vidonge, kwa hiyo wakitaka kukupima damu usikasirike.

Tuseme kweli ni uvimbe. Meninjioma huota kwenye ule utando, nyingi si saratani, hukua taratibu, na nyingine madaktari huzifuatilia kwa picha tu. Uvimbe wa pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, hula uoni wa pembeni. Aina moja husinyaa kwa vidonge, nyingine hutolewa kwa kupitia puani. Glioblastoma, saratani ya ubongo wenyewe, ndiyo kali, sikufichi: hukatwa, ikafuata mionzi na dawa, na hurudi. Lakini hakuna anayejua ipi ni ipi mpaka picha kamili isomwe, na mara nyingi mpaka kipande kichukuliwe kikaangaliwe maabara.

Na kipande hakichukuliwi ovyo. Kuna kivuli ambacho ni fundo la mishipa, ateri imeingia kwenye vena bila vishipa vya katikati. Nalo huleta kifafa. Ukilichoma sindano, linamwaga damu. Ndiyo sababu wakati mwingine hupigwa picha ya mishipa kwanza. Na kichwa kikikupiga ghafla, maumivu ambayo hujawahi kuyapata maishani, usingoje asubuhi: huenda mshipa uliotuna umepasuka. Huo huzibwa kwa kibanio kupitia fuvu, au kwa nyaya laini za platinamu zinazopitishwa mshipani kuanzia kwenye paja.

Upasuaji wa ubongo unafanyika hapa nchini, Muhimbili, Dar es Salaam, pale MOI, taasisi ya mifupa. Kabla ya India, tuanzie Hospitali ya Rufaa ya Kanda hapa Mbeya, tupate picha yenye dawa na barua ya rufaa ikihitajika. Kuhusu mzee wa Tunduma sitabishana nawe, ila akikuambia uache vidonge vya kifafa, mkatalie. Ukiviacha ghafla unaweza kuanguka mfululizo bila kuzinduka. Na baridi hii ya Juni, usiote moto peke yako.

Njoo wiki ijayo. Beba ile CD ya picha, karatasi peke yake haitoshi, na pakiti za dawa zote, pamoja na za kienyeji. Halafu njoo na Shangazi. Wewe ukianguka hujui kilichotokea. Yeye ndiye aliyeona kama ulianza mkono wa kushoto au mwili mzima kwa pamoja, na hilo ndilo daktari atakaloliuliza kabla hata hajawasha kompyuta.