Risala ya kikundi cha mafunzo ya kuzungumza hadharani, Busia, kwa Mgeni Rasmi, Afisa Elimu wa Wilaya

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Afisa Elimu wa Wilaya. Mheshimiwa Mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji. Mwalimu Mkuu, mwenyeji wetu. Viongozi wa dini. Walimu, wazazi na wanafunzi. Mabibi na mabwana, hamjambo.

Kwa niaba ya kikundi chetu tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu, na tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako ili uwe nasi leo. Kikundi hiki huwafundisha wanafunzi wa mdahalo, wahudumu wa afya wa vijiji, viongozi wa steji za bodaboda na watangazaji wa sokoni namna ya kusema mbele ya watu. Tumeona ni heri tukueleze tunachofundisha na sababu zake kuliko kukusomea orodha ya shughuli, kwa kuwa maombi yetu yote yamezaliwa humo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mashindanoni na mikutanoni msemaji bado anapimwa kwa sauti nene, mikono inayorushwa na misamiati mizito. Hatukubaliani na kipimo hicho. Wataalamu wa balagha, yaani sanaa ya kushawishi kwa maneno, wa karne ya 20 walianza upande wa pili, kwa msikilizaji. Mmarekani Kenneth Burke, katika kitabu chake cha mwaka 1950, alieleza kwamba mtu hushawishika pale anapojiona ndani ya yule anayemsemesha: usemi wake ni wangu, shida zake ni zangu. Uganda tunao mfano wa wazi. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya alijitangaza hadharani kuwa anaishi na virusi vya UKIMWI, akaenda kuzungumza shuleni na makanisani, hadi alipofariki Desemba mwaka huohuo. Maonyo ya serikali yalikuwepo kabla yake. Yeye aliongeza uso ambao vijana waliujua na kuupenda. Lakini jambo hili halighushiki. Msemaji akifungua kwa salamu ya Kiateso, kisha hotuba nzima iliyobaki ikawa juu ya mambo ya watu wengine, ile salamu humrudi.

Mwaka 1958 Chaïm Perelman na Lucie Olbrechts-Tyteca wa Ubelgiji walisisitiza kwamba hoja huanzia pale ambapo hadhira tayari inakubali. Mwanafunzi wetu, kabla ya kuandika sentensi ya kwanza, huandika mambo matatu ambayo wasikilizaji wake hawayabishii. Asipoyapata matatu, arudi kuwauliza watu. Hajawa tayari kusimama.

Lloyd Bitzer naye, katika makala yake ya mwaka 1968, alitaja vitu vitatu vinavyounda tukio la usemi: jambo linalodai kusemwa, hadhira, na mipaka inayombana msemaji. Kwake hadhira ni wale tu wenye uwezo wa kulibadilisha lile jambo. Hapo ndipo matangazo mengi ya afya yanapopotea. Ebola ilipozuka Mubende mwaka 2022, maziko yalikuwa miongoni mwa mambo ya hatari, kwa maana mwili wa marehemu wa Ebola huambukiza anayeugusa. Sasa, msibani nani huamua marehemu aoshwe na nani, na azikwe vipi? Ni wazee wa ukoo na kiongozi wa dini. Kuwapigia kelele mamia ya waombolezaji kwa kipaza sauti bila kuketi kwanza na wazee hao ni kusema na wasio na uamuzi. Richard Vatz alimpinga Bitzer mwaka 1973, akisema kuwa msemaji mwenyewe ndiye anayechagua jambo lipi liitwe tatizo. Tunawafundisha vijana pande zote mbili, na hili la Vatz tunalitilia mkazo, kwa sababu anayechagua tatizo amebeba dhamana ya uchaguzi wake.

Ruhusu sasa tukae kidogo kwa Mwingereza Stephen Toulmin, maana kazi yake ndiyo inayotufaa zaidi kila siku. Mwaka 1958 aliichambua hoja katika sehemu sita. Chukua tangazo ambalo wafugaji wetu wamelizoea: “Ugonjwa wa miguu na midomo umeonekana gombolola jirani. Ni marufuku kupeleka ng’ombe mnadani.” Hapo kuna sehemu mbili tu, ushahidi na dai. Mfugaji anamtazama fahali wake: anakula vizuri, hachechemei, mdomoni hana lengelenge hata moja. Kwa akili yake timamu anaona tangazo halimhusu, na usiku anamswaga. Ofisini ataitwa mkaidi, ilhali hakuambiwa sehemu ya tatu, yaani kiungo kati ya ushahidi na dai: ng’ombe aliyeambukizwa anaweza kueneza virusi kabla dalili hazijaonekana. Sehemu ya nne ni tegemeo la kiungo hicho, kwamba tangu kuambukizwa hadi dalili kutokea hupita kwa kawaida siku 2 hadi 14. Ya tano ni kiasi cha uhakika: hatusemi fahali wako anaumwa, tunasema huenda, na kwa macho huwezi kujua. Ya sita ni pingamizi: ni katika hali gani agizo halishiki, na nani mwenye mamlaka ya kusema hivyo?

Tangazo lile likiandikwa upya husomeka hivi: “Wafugaji, najua ada za shule zinangoja na mnada ndio benki yenu. Fahali anayekula vizuri leo anaweza kuwa tayari na virusi vya miguu na midomo, akaviacha mnadani, na dalili zikaja baada ya siku kadhaa, hadi 14. Kwa macho hatuwezi kumjua. Kwa hiyo hakuna ng’ombe atakayetoka hadi daktari wa mifugo wa wilaya aondoe karantini. Mwenye swali juu ya kibali amwone yeye.”

Halizidi dakika moja. Kosa linalojitokeza mara kwa mara ni mwanafunzi kukariri sehemu sita na kuzitaja kwa zamu kama mtihani. Mpangilio haulazimiki. Kwa wafugaji wenye hasira, anza na pingamizi lao. Kwa baraza la wilaya, anza na dai. Na ukiona watu wanabisha hata baada ya kupewa takwimu zaidi, acha kuongeza takwimu. Mara nyingi wanachobishia ni kiungo.

Hatuna budi kugusa ukalimani, maana Busia bila ukalimani mkutano haupo. Hotuba ya Kiswahili ikifasiriwa kwa Kisamia na kwa Kiateso, dakika 10 zinakuwa 30. Kwa hiyo mwenye dakika 15 aandike hotuba ya dakika 5, yaani maneno kama 500 kwa mwendo wa taratibu. Asimame kwenye wazo lililokamilika. Akisema “msinywe dawa hii” akampisha mkalimani, kisha akamalizia “kabla ya kula”, nusu ya watu wameshashika katazo zima na hawasikii tena nyongeza. Tarehe, kiasi cha dawa na mahali vitajwe mara mbili. Claude Shannon, mhandisi wa mambo ya simu, alionyesha mwaka 1948 kwamba penye kelele ujumbe huokolewa kwa ziada iliyopangwa, na soko letu lina kelele za kutosha: malori, jenereta, redio za maduka.

Kuhusu kipaza sauti tuseme kifupi. Kikae umbali wa vidole vinne kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili herufi p na b zisipasuke. Msemaji asimame nyuma ya spika; akipita mbele yake, sauti ya spika hurudi kwenye kipaza sauti na mluzi huanza. Dawa ni kuhama au kupunguza sauti. Kukifunika kwa kiganja huzidisha mluzi.

Jambo la mwisho kabla ya maombi, Mheshimiwa. Uchunguzi uliofanywa Marekani, wilaya ya Erie jimboni Ohio, wakati wa uchaguzi wa rais wa mwaka 1940, uliwakuta wapiga kura wengi wakiathiriwa na watu wanaowaamini kuliko na redio au magazeti moja kwa moja. Elihu Katz na Paul Lazarsfeld walilikuza wazo hilo mwaka 1955: habari hufika kwanza kwa wachache wanaofuatilia, na wao ndio huwafikishia wengine. Hapa kwetu wachache hao wako saluni, kwenye steji na kwenye vikundi vya akiba. Kwa sababu hiyo hakuna hotuba tunayoihesabu kuwa imekwisha mpaka watu watano wa aina hiyo wameirudia kwa maneno yao mbele yetu. Wakiirudia kombo, tunarekebisha hotuba. Watu hatuwalaumu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maombi yetu ni matatu.

La kwanza na kubwa ni karatasi ya majaji wa mdahalo wa shule za wilaya. Tunaomba alama 100 zigawanywe hivi: 30 kwa hoja, hasa kiungo na kiasi cha uhakika, 25 kwa kuijua hadhira, 25 kwa kujibu maswali ya ukumbini, na 20 kwa sauti, mkao na lugha kwa pamoja. Maswali yapewe dakika 5 baada ya kila msemaji. Hotuba ya kukariri inaweza kuwa kazi ya mwalimu, lakini jibu la swali asilolitarajia ni la mtoto mwenyewe. Karatasi ikibaki ilivyo, walimu wataendelea kufundisha kinachopewa alama, na hatuwezi kuwalaumu.

La pili, tunaomba spika moja ya kubebeka yenye betri, pamoja na vipaza sauti viwili, kimoja cha msemaji na kimoja cha mkalimani. Wakibadilishana kimoja, dakika nyingi hupotea na maneno ya mwanzo ya kila tafsiri hayasikiki. Betri ni muhimu kwa vile umeme hukatika katikati ya mikutano.

La tatu, wakalimani wa mikutano ya wilaya wapewe hotuba angalau siku moja kabla, na walipwe. Hivi sasa mara nyingi huitwa kutoka miongoni mwa waliohudhuria, wanakutana na maneno ya kitaalamu palepale jukwaani, kisha makosa yanahesabiwa kuwa yao.

Rasimu ya karatasi ya alama tumeiambatisha nyuma ya risala hii, pamoja na maelekezo ya ukurasa mmoja kwa majaji. Tuko tayari kuwafunza majaji hao kabla ya mashindano ya muhula ujao, kwa tarehe utakayoipanga.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.