Malalamiko kuhusu mkutano wa uongozi wa walimu waliobobea

Mkurugenzi Mtendaji,
Kampuni ya Uandaaji wa Mikutano,
Arusha.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MAZOEZI YALIYOLIPIWA NA HAYAKUFANYIKA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Tangazo lenu liliahidi siku mbili za mazoezi ya kuwalea walimu kazini, kwa ada ya shilingi 240,000 kila mshiriki. Washiriki kutoka Moshi, Hai na Arumeru walipewa hotuba.

Kiini cha lalamiko ni kipindi cha kutazama somo na kutoa mrejesho. Zoezi hilo lina hatua tatu, na hakuna inayorukwa. Kwanza mtazamaji na mwalimu wanakubaliana jambo moja tu la kutazama, kwa mfano nani anaulizwa maswali na nani anasahauliwa. Kisha somo dogo linafundishwa, mtazamaji akiandika anachokiona na kukisikia bila kuhukumu. Mwisho ni mrejesho, ambapo mwalimu ndiye anayetangulia kusema. Ukibana sana ni dakika 10, 15 na 15. Katika kundi la watu watatu, ili kila mmoja ashike nafasi ya mtazamaji, zinahitajika saa mbili kamili.

Ninyi mlitenga dakika 45, makundi ya watu 30, mwezeshaji mmoja kwa kila kundi, viti vimepangwa safu kama kanisani. Mmoja alifundisha, mmoja akatoa mrejesho, 28 wakatazama igizo. Hata fomu ilikosewa. Vipengele 22 vya kutia alama ya vema ni fomu ya ukaguzi: mtazamaji anainamia karatasi, somo linampita. Fomu ya kumlea mwalimu inatosha kuwa na safu tatu, yaani muda, alichofanya mwalimu, walichofanya wanafunzi.

Muda ulikuwepo. Hotuba za ufunguzi zilianza saa 3:00 asubuhi zikaisha saa 6:30 mchana, na mwalimu mwenye miaka 20 kazini hafungi safari kwenda kuelezwa maana ya neno kiongozi. Washiriki hawa ndio wanaotegemewa kuongoza jumuiya za kujifunza shuleni chini ya MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Wakirudi na daftari la nukuu, hakuna cha kuwafanyisha wenzao. (Chakula kilikuwa kizuri, hilo hatuna ugomvi nalo.)

Jambo la pili ni risiti. Risiti za EFD, yaani za mashine ya kodi, zimetolewa bila jina wala TIN (namba ya mlipakodi) ya shule iliyolipa. Mkuu wa shule akirejesha masurufu, yaani akitoa hesabu ya fedha alizopewa kwa shughuli hiyo, kwa risiti ya namna hiyo, mhasibu anamrudishia, na deni linabaki kwake. Cheti nacho hakitaji mada wala idadi ya saa, kwa hiyo hakimwambii afisa elimu mshiriki alifunzwa nini.

Tunaomba kipindi kirudiwe kwa siku moja, Moshi, bila ada mpya: makundi ya watu watatu, mwezeshaji mmoja kwa makundi manne, viti vinavyohamishika. Mkishindwa, rejesheni nusu ya ada kupitia akaunti zilezile zilizolipa. Risiti na vyeti vilivyosahihishwa haviwezi kungoja mjadala huo. Tunavihitaji ndani ya siku 7, maana hesabu za robo mwaka zinafungwa.

Majibu yawe ya maandishi, ndani ya siku 14.

Wenu,
Wawakilishi wa washiriki,
Moshi.