El Fasher hapakuwa na uhaba

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu kwa zaidi ya miaka ishirini bila kuwaandikia hata mstari mmoja, ila ile habari ya El Fasher, mji wa Darfur nchini Sudan, mliyoipa kichwa chenye maneno "uhaba wa chakula" imenishinda kumeza.

Uhaba huja mvua ikikosekana. El Fasher ilizingirwa tangu Mei 2024 na wapiganaji wa RSF, kundi la wanamgambo linalopigana na jeshi la Sudan. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likaagiza, kwa azimio namba 2736 la Juni mwaka huohuo, mzingiro huo ukome, lakini baadaye RSF wakauzungushia mji tuta la udongo, ili gunia lisiingie na mtu asitoke. Juni 2025 msafara wa malori ya misaada uliokuwa njiani kuelekea huko ulishambuliwa Al Koma, watu watano wakauawa. Hayo yote mwandishi wenu ameyaita uhaba.

Tena anasema wakazi "walikula mabaki ya karanga", kana kwamba ni wageni waliochelewa harusini. Kitu hicho huko huitwa ambaz, nasi tunakiita mashudu, yaani masalia ya mbegu zilizokwisha kukamuliwa mafuta. Nilikuwa fundi wa magari El Fasher enzi za UNAMID, kikosi cha kulinda amani cha Umoja wa Mataifa na Umoja wa Afrika, na karibu na nilipopanga palikuwa na kinu cha mafuta kilichozungushwa na ngamia. Mashudu yake yalinunuliwa na wenye punda, kwa ajili ya punda. Jioni ile niliyosoma habari yenu niliingia stoo, nikachota konzi moja ya mashudu ninayowalisha ng'ombe wangu wawili, nikayaloweka, nikayachemsha kwa chumvi, nikakaa nayo mezani huku mke wangu akiniuliza kama pensheni imekwisha. Yangu yalikuwa ya alizeti, mapya na makavu, lakini makapi yalinikwaruza koo, na kijiko cha tatu sikukimaliza, nami nina chai pembeni. Mashudu yakikaa muda mrefu huota ukungu, na mfugaji yeyote anayeijua sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu huo, hampi hata kuku. Watoto wa El Fasher walipewa hayo, na mwishowe hata hayo yakaadimika. Mji ulipotekwa tarehe 26 Oktoba 2025, Umoja wa Mataifa ulikuwa umekadiria kwamba raia wapatao 260,000 wamo ndani.

Wala si mara ya kwanza neno hili kuwasaidia kutomtaja mtu. Sukari ilipopotea madukani mwaka 2024 mliandika "uhaba" wiki baada ya wiki, na hamkutupeleka kwenye ghala hata moja. Itifaki ya Pili ya mwaka 1977 ya Mikataba ya Geneva, ibara ya 14, inakataza kuwatesa raia kwa njaa kama mbinu ya vita. Mbinu ina mwenyewe.

Napendekeza, kwa heshima, kwamba kila mwandishi wenu atakayeandika tena "uhaba" kuhusu mji uliozingirwa aletwe kwangu kabla gazeti halijaenda mitamboni. Mashudu yapo, na kijiko kipo.

Mfugaji na fundi mstaafu,
Morogoro