Shukrani kwa binti wa stendi ya Kange

Mwanangu, jina lako sikulipata. Tulikuwa tunasubiri basi la Dar, mguu wangu wa kushoto ukafa ganzi, nikayumba. Mmoja akasema nimelewa, mwingine akanong'ona mashetani. Wewe ulinishika kiuno, ukanikalisha juu ya begi lako, ukatazama saa.

"Imeanza saa mbili na dakika kumi, mama. Tuandike."

Ukachana karatasi ya daftari ukaandika: ganzi upande gani, imedumu muda gani, macho yanaona vipi.

Tangu siku ile naandika kila inaponijia. Picha ya MRI ya kichwa ilitoka safi, na majibu hayo yaliniuma, maana wapo nyumbani waliodhani nasingizia. Daktari aliposoma maandishi yangu ndipo akanieleza kuwa picha ya ubongo haionyeshi jinsi mishipa ya fahamu ya miguuni inavyofanya kazi. Hiyo hupimwa kwa umeme mdogo. Akaagiza na damu ipimwe vitamini B12, kwani vitamini hiyo ikipungua huweza kuleta ganzi.

Jina la ugonjwa bado halijapatikana. Ila nasikilizwa, na hilo umelianzisha wewe. Mungu akulipe kheri, mwanangu, wewe na waliokulea.